Njia Inayokatisha Kiwandani

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wanafunzi, nanyi majirani mliokaa viti vya nyuma ingawa mlikuwepo hapa kabla yetu sote, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nieleze jinsi tulivyokigeuza kiwanda cha nguo kuwa chuo. Mniwie radhi, tangu Jumatatu situlii.

Miaka minne iliyopita nilikuja na michoro kwapani, nikijiona msanifu kwelikweli. Nilichora bustani, maktaba ndani ya ukumbi wa mitambo ya kufumia, na ukuta mrefu kuzunguka vyote. Tulipoubandika mchoro getini, alikuja mama aliyefuma hapa miaka thelathini, wenzake humwita Mama Nyuzi. Aliutazama weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, miti nimeiona. Sisi tunapita wapi?"

Nilikuwa nimekiziba kichochoro ambacho watu wa nyuma ya kiwanda hukitumia kwenda zahanati. Nikamjibu kwamba wangezunguka kwa barabara kuu. Hakubishana, aliniomba tu nizunguke naye. Magoti yake ni mabovu. Tulichukua dakika arobaini, tukipumzika kila hatua chache, malori yakitupulizia vumbi. Je, ningempitisha mama yangu mzazi njia ile? Nilirudi ofisini nikaufuta ukuta pale penye kichochoro.

Kamati ya ujenzi ilinikalia kooni miezi saba. Makamu Mkuu wa Chuo, ni wewe uliyenitetea, na leo nakushukuru mbele za watu. Njia ikabaki, tukaiwekea mabenchi na taa.

Lakini Jumatatu nilikuta geti jipya kwenye njia ile, limepigwa kufuli. Nikaambiwa ni kwa ajili ya usalama, tena kwa muda tu. Muda gani? Usalama wa nani? Jana Mama Nyuzi alilazimika kuzunguka. Binti yake amenieleza kwamba aliteleza mtaroni akavunjika mkono, na sasa amelazwa. Kiti tulichomwekea, kile pale mbele, hakina mtu.

Hati ya makabidhiano iko mezani ikisubiri sahihi yangu. Mheshimiwa, kalamu ninayo, ila mkono unakataa.

Naona Makamu Mkuu amesimama, anamwashiria fundi wa vyuma aliyekaa pembeni atoke akalikate kufuli lile. Nenda, fundi. Nikisikia msumeno wako, nitatia sahihi.

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa tunyamaze kidogo, tusikilize.