Mkono Mfukoni na Amplifaya Iliyokoroma

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya chuo chetu cha muziki, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi, mtunza stoo, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, nasikia, ndimi niliyemvumilia zaidi.

Aliingia kama mfagiaji, akapanda hadi kuongoza karakana. Tunamwita Mkono Mfukoni. Vifaa vya zamani vya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, vina umeme mkali, na fundi mwenye akili hupima kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa mfukoni, ili umeme usipite kifuani. Mkuu mmoja wa chuo, mgeni kazini, alimkuta hivyo akamwandikia barua ya onyo kwa uvivu. Barua ipo kwenye faili, na jibu lake lipo: alimkaribisha mkuu aje apime kwa mikono yote miwili. Mkuu hakuja.

Lakini huwezi kumtaja bila kutaja amplifaya ya gitaa, ile ya valvu, kongwe kuliko wengi wetu. Ikishapata moto inakoroma, kisha inakata sauti. Kila ilipokoroma alimlaumu fundi mkuu aliyemtangulia, ambaye ni baba mkwe wake, kwamba aliilehemu vibaya. Alimlaumu mbele ya wanafunzi, mbele ya wakaguzi na, kwa ujasiri wa ajabu, mbele ya mkewe. Kisha kila mara alifunga safari hadi kwa mzee mwenyewe kulalamika, akarudi jioni ameshiba.

Mwaka huu kamati ya chuo iliamua kwamba amplifaya isipopona kabla hajastaafu itatupwa, maana hakuna mwingine anayezijua valvu. Hapo alikosa raha kabisa. Alibadilisha kapasita, vile vihifadhi umeme, zilizovimba, akasugua soketi. Ikaimba dakika kumi, ikakoroma. Mwishowe alileta mwiko wa mbao, usiopitisha umeme, kutoka nyumbani (mkewe aliutafuta wiki nzima) akawa anagonga kiungo cha lehemu kimoja kimoja amplifaya ikiwaka. Chini ya ubao wa valvu, kimoja kikapiga kelele. Lehemu yake ilikuwa imepoa kabla ya kushika waya.

Katika karakana yetu, kila anayelehemu huandika tarehe pembeni kwa penseli. Iliyoandikwa hapo ilikuwa tarehe ya harusi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Siku ile alipitia kazini kumalizia akiwa ndani ya suti, na baba mkwe alikuwa ukumbini akimsubiri.

Alilehemu upya, ikaimba siku nzima, akaandika kwenye kitabu cha kazi: "Kosa la fundi. Fundi ni mimi." Kisha akakibeba kitabu hadi kwa mzee kuomba radhi. Nilimsindikiza, nisikose tukio.

Mzee alisoma, akamrudishia. "Nilijua siku nyingi, mwanangu," alisema. "Ila ningekwambia, ungekuja kwangu kufanya nini?"

Amplifaya hiyo ndiyo itakayopiga kwenye hafla ya kumuaga, na mzee ameshawekewa kiti cha mbele.

Mkono Mfukoni, asante kwa kila kilichoimba kwa sababu yako. Tunakuombea afya na siku ndefu za raha. Sasa umeme umezimwa, utoe huo mkono mfukoni utuage kwa yote miwili. Na kwa mzee uendelee kwenda, hata kama huna tena cha kulalamikia.