Mzee Hezekia na Dozi ya Saba Aliyoikataa

Tarehe 30 Juni 1975, Mzee Hezekia Shemhilu anastaafu kazi katika Shamba la Mbegu la Kwemkole, baada ya kulitumikia miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Wenzangu wameniomba niandike habari zake katika karatasi hii ya sherehe. Nimefanya kazi chini yake tangu nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, na ndiye aliyenihamishia kwenye kuchambua mbegu ili nisivute harufu ya dawa, kabla sijamwambia mtu yeyote kuwa ni mjamzito.

Alizaliwa Mlalo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaja hapa Machi 1947 akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchota maji mtoni ya kumwagilia miche ya kabichi. Baada ya Uhuru alifanywa msimamizi. Wakongwe wanasimulia kwamba siku ile watu walimwita nyapara kwa mazoea tu, naye hakuitika. Wakaita, wakaita. Walipotaja jina lake ndipo akageuka akasema, "Naam, ndugu zangu."

Mwaka 1963 ililetwa pampu ya kufukiza udongo. Ni chuma chenye ncha ndefu: unakichoma ardhini, unakandamiza mpini, dawa inaingia chini na kugeuka mvuke, kisha unaziba tundu kwa kisigino. Dawa hiyo iliua minyoo inayotafuna mizizi ya nyanya. Pampu alikabidhiwa Mzee Hezekia kwa sababu ni mtu makini. Tundu hadi tundu futi moja, haizidi wala haipungui. Mguu wake ulizoea kipimo hicho mpaka ukasahau vipimo vingine. Mkewe, Bibi Yunis, anasema hata kanisani alikuwa akiiendea meza ya Bwana kwa futi moja moja, na waumini wamepanga mstari nyuma yake wakisubiri. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyeumizwa na dawa. Kwanza aliangalia upepo, kisha alifukuza kuku, kisha alihesabu watoto wetu mmoja mmoja.

Sasa naandika jambo ambalo yeye mwenyewe ameniagiza nisiliruke.

Wafanyakazi tuna shamba letu la chakula, eka kumi za maharage na mahindi, tunalima pamoja na kugawana mavuno. Mwaka 1971 Mzee Hezekia aliomba kwa wakubwa kwamba shamba hilo nalo lifukizwe. Aliona si haki mbegu za kuuza zipate dawa na chakula cha watoto kikose. Akafukiza kwa mkono wake. Msimu wa kwanza maharage yalizaa mpaka magunia ya kuyatia yakakosekana, na wanawake wakampigia vigelegele. Basi akaendelea, masika na vuli, masika na vuli. Mwaka wa pili mavuno yakapungua. Mwaka wa tatu majani yakawa ya njano na minyoo ikarudi mingi kuliko zamani. Tulisema dawa ni kidogo. Akaongeza. Vuli ya 1973 ikawa dozi ya sita, na familia yangu tuligawiwa maharage yaliyojaa kapu moja, halikufika hata siku ya Krismasi.

Januari 1974 Mzee Hezekia alichukua jembe akaenda peke yake kuchimba katikati ya shamba lile. Alifukua mabua ya mahindi tuliyoyafukia mwaka uliotangulia. Yalikuwa mazima. Hayakuoza, hayakulainika, kama yamefukiwa jana. Nyungunyungu hakumwona hata mmoja. Akatoka hapo hadi Kwai, nyumbani kwa Bibi Mwanahawa, mpaliliaji mwenzetu, ambaye nyuma ya nyumba ana maharage chini ya migomba ya mama mkwe wake. Akaomba ruhusa ang'oe shina moja. Mizizi ilikuwa na vinundu vingi, na alipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu. Akarudi akang'oa shina moja lililobaki shambani kwetu. Mizizi ilikuwa mitupu kama uzi.

Alituita ghalani wote, pamoja na Ndugu Abdallah, Bwana Shamba wetu. Ndio wakati ule tulipokuwa tukipanga foleni ya unga wa njano wa msaada, kwa hiyo hakuna aliyekuja akiwa na furaha. Mzee Hezekia alisimama akatuonyesha mashina mawili. Akasema udongo una viumbe vidogo tusivyoviona, vingine vinaozesha mabua, vingine vinakaa katika vinundu hivi kuyalisha maharage, na wekundu wa ndani ndio dalili kwamba vinafanya kazi, vingine ni maadui wa minyoo. Akasema, "Nilitumwa kuua minyoo, nikaua na walinzi. Shamba hili nimelidhoofisha mimi. Naomba mnisamehe."

Kisha Bibi Mwanahawa akainuka. "Shikamoo, Mzee. Sasa hiyo samahani yako tutaipika kwa chumvi au kwa nazi?"

Watu walicheka, lakini ni kicheko cha njaa. Mzee hakucheka. Alijibu, "Marahaba, binti yangu. Una haki."

Bwana Shamba alikuwa na agizo mkononi: dozi ya saba ifanyike kabla ya masika, na iwe kubwa zaidi. Akasema kwa upole, "Mzee, ugonjwa ukizidi, na dozi huzidi."

"Na mgonjwa akiisha kufa, Bwana Shamba, dozi anameza nani?"

Ndugu Abdallah alisema wazi kuwa kukataa agizo ni kufukuzwa kazi, na Mzee alibakiwa na mwaka mmoja na nusu tu apumzike kwa heshima. Sisi nasi tulijiuliza: tukimfuata na maharage yakashindwa, watoto watakula nini? Mwishowe walikubaliana nusu kwa nusu. Nusu ya juu ifukizwe na mtu mwingine. Nusu ya chini isiguswe, na Mzee Hezekia aandike jina lake kwamba ikishindwa, aliyekosa ni yeye. Aliandika mbele yetu, kwa herufi kubwa.

Alibeba udongo wa migombani kwa Bibi Mwanahawa, kapu baada ya kapu, na njia ile ya Kwai wote mnaijua ilivyo mlima. Aliuchanganya na maji kidogo, tukazibiringisha mbegu ndani yake mpaka zikavaa udongo, kama wanavyofanya bibi zetu wanapofungua shamba jipya. Tulizipanda mvua za kwanza.

Wiki ya tatu nusu ya juu ilikuwa imesimama vizuri, yetu imedumaa. Wapo waliosema maneno, nami nilikuwa mmoja wao, Mungu anisamehe. Mzee alipita kila asubuhi akatusalimu. Wiki ya sita nikiwa napalilia, mtoto mgongoni, niling'oa shina moja kwa bahati mbaya. Nilitaka kulirudishia haraka nisionekane. Ndipo nikaona vinundu. Nikapasua kimoja: chekundu. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka akilia, na Mzee Hezekia akaja mbio, kwa hatua ndefu kabisa. Aliushika mzizi ule, akavua kofia, akakaa chini kwenye tope.

Nusu ya juu ilitupa magunia manne. Nusu ya chini, tisa. Hatukushiba mwaka mzima, na kuna ukanda wa katikati ambao mpaka leo ni wa njano, udongo haujasamehe. Lakini hakuna nyumba ya mfanyakazi iliyolala njaa hapa Kwemkole mwaka ule. Ndugu Abdallah aliandika taarifa kwa mkono wake, na tangu hapo dawa inatumika kwenye vitalu vya miche ya nyanya tu. Mashambani haiingii.

Wasimamizi wengi huagwa kwa yale waliyoyafanya sawasawa. Sisi tunamshukuru huyu pia kwa kosa lake, kwa sababu alilibeba mwenyewe, hakumtwika mdogo wake kazini.

Mzee wetu, wafanyakazi wote tunasema asante. Tunakuombea wewe na Bibi Yunis uzee wa amani huko Mlalo, afya, wajukuu wa kukuchosha na moto wa jikoni usiozimika. Masika hii ulituachia kazi, hukutusimamia; tulipanda wenyewe eka zote kumi. Udongo wa migombani tuliufuata Kwai tukaubeba vichwani, na juzi niling'oa shina moja kwenye ule ukanda wa njano. Lina vinundu vitatu. Ni vitatu tu, Mzee, lakini ni vyekundu. Nenda ukapumzike.