Msimfiche Mdogo Wenu

Niinueni, wanangu. Juu zaidi, huo mto uwekeni mgongoni, na dirisha lifungueni, maana miguu hii haijui kulala, inanitekenya kama ya mtoto aliyefungiwa ndani. Bingwa mzima wa kuruka chini, leo nashindwa kuvuka ukingo wa kitanda! Sogeeni. Na wewe kaka yangu hapo mlangoni, ingia ukae, usijifanye unapita tu.

Nimewasikia mkinong'ona ukumbini. Mgonjwa wa kifua si kiziwi. Mmepanga nikifa kabla ya Jumamosi, Chura wangu, binti yangu wa mwisho aliye kambi ya riadha, asiambiwe mpaka amalize kuruka, na baba yenu mkubwa akawatia moyo: "Hata yeye tulimfanyia hivyo, na akarudi na medali." Kweli nilirudi nayo. Sasa sikilizeni nilichokikuta.

Ile picha ya sebuleni mnayomwonyesha kila mgeni, nimetoka mchangani nacheka meno yote nje, mwamuzi ameinua bendera nyeupe nyuma yangu: saa ile mama yangu alikuwa tayari kaburini. Kaka alikuwa jukwaani analia, nami nikampungia mkono nikidhani ni furaha. Nikafika nyumbani na medali shingoni, naita "Mama!" tangu barabarani, majirani wakaangalia chini. Tangu hapo nimeshinda mara nyingi, ila sijacheka tena mbele ya kamera, na medali ile, mnajua wenyewe, kazi yake ni kuzuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Mlidhani baba ana maringo. Baba alikuwa na uchungu.

Kaka, uliniibia kilio changu. Ulidhani unanisaidia, najua, nami nikakununia mpaka tumeota mvi. Yaliyopita si ndwele. Lete mkono. Mh, nawe umekonda, mzee.

Wanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Mrukaji huvumilia upepo wa mbele, jua, hata goti bovu, lakini lazima ajue ubao wa kurukia uko wapi. Ukimficha ubao, haruki, anajikwaa. Mwambieni ukweli, kisha mwacheni achague, aje anizike au abaki aruke. Akibaki, atakayemnung'unikia msibani huyo si mwanangu. Akija, asiwepo wa kumwambia amepoteza bahati. Nyumba ni yenu watatu, na chumba chake kisipangishwe eti kwa sababu hayupo. Viatu vyangu vya misumari ni vyake, ingawa vitampwaya. Picha ishusheni. Medali iacheni mlangoni, imeshazoea.

Maji kidogo... Basi. Mungu awape... awape miguu myepesi, na nyumba isiyo na minong'ono. Nilazeni. Hapana, msinilaze, bado! Leteni simu. Mpigieni sasa hivi pumzi ingalipo, kwa nini aje kuambiwa na nyie? Inaita? Wekeni sikioni.

Chura? Ni baba... Usicheke kwanza, mama. Kaa chini. Kuna neno nataka ulisikie... kwangu mwenyewe. Baba anaondoka, mwanangu. Ndiyo... ndiyo, kweli. Lia, mama. Lia tu, nipo... nakusikia.