Suruali Haiongezwi Tena

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na limekaa katikati ya kinyozi, yaani mimi ninayeitwa Wembe, na duka la ushonaji la Fundi Kipimo. Bi Birika huja na kahawa asubuhi na kuondoka ikiisha. Hana saa, birika ndiyo saa yake. Siku hiyo alikuwepo Gia, dereva wa lori, anasubiri gari lake litoke gereji, mkate umefungwa kwenye gazeti mapajani. Alikuwepo Daktari, ambaye ni mlinzi wa duka la dawa ng'ambo ya barabara, na udaktari wake wote ameupata kwa kusimama mlangoni. Na alikuwepo Fundi mwenyewe, kajifunga pazia la mteja lenye maua makubwa mekundu, kwa sababu suruali yake ilikuwa juu ya cherehani ikisubiri kuongezwa kiuno.

Haikuwa mara ya kwanza. Kila suruali anayojishonea, Kipimo huiachia akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma. Ikimbana, huvua, hufumua, huongeza, huvaa, kazi inaendelea. Sisi wengine tukinenepa tunaambiwa ukweli na vifungo. Yeye vifungo vyake anavihonga.

GIA: Fundi, hilo pazia limekukaa. Umekuwa dirisha la sebuleni.

FUNDI: Cheka tu. Jumatatu narudi kliniki.

Kicheko kikapungua, maana habari tunaijua. Nesi alimpima akamwambia sukari imefika mlangoni, haijaingia ndani. Ajirekebishe, kisha arudi apimwe tena. Na hakuna anayekaa benchi lile asiyeijua cherehani ya pili mle dukani, ile iliyofunikwa shuka. Ni ya kaka yake. Walikanyaga pedali bega kwa bega tangu ujana, mpaka sukari ilipomla kaka mguu. Sasa kaka anakaa nyumbani anashona vifungo kwa mkono. Siku moja nikimnyoa, Kipimo aliniambia kufa hakuogopi sana. Anachoogopa ni kuamka asubuhi akakuta mashine zimefunikwa zote mbili.

Daktari akataka kusikia nesi alisema nini hasa, ili atoe maoni ya kitaalamu. Fundi akaeleza, huku mkono mmoja umeshikilia pazia. Mwilini mna homoni za chakula, ziko nyingi, ila nesi alimtajia mbili zinazomtosha. Moja ni ya njaa, inapiga kelele tumbo likiwa tupu. Nyingine ni ya shibe, inakuja kusema basi. Zinajua kazi yake, alisema nesi, wewe zisaidie tu: lala vya kutosha, maana asiyelala ile ya njaa humpanda kichwani, kula kwa saa zinazoeleweka, sahani iwe na mboga nyingi na maharage au yai, tafuna taratibu, maana ile ya shibe huchelewa kufika, ukimaliza, tembea kidogo.

DAKTARI: Basi ndiyo ile methali. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni homoni hizo hizo, hazijawahi kutambulishwa.

GIA: Ngoja kwanza. Ya shibe inachelewa?

FUNDI: Dakika kama ishirini, kasema.

GIA: Sasa dawa si kuwahi? Unakula upesi, unamaliza, yeye akifika anakuta sahani imeoshwa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

BI BIRIKA: Mwanangu, hiyo methali umeipakia lori lisilo lake.

GIA: Bi Mkubwa, mimi barabarani nakula hata kiti hakijapata moto.

MIMI: Na ukimaliza?

GIA: Naongeza. Si bado nina njaa?

MIMI: Kwa hiyo mwenye shibe akifika anakukuta kwenye sahani ya pili.

GIA: Anakuta nipo kazini. Mtu hafukuzwi kazini.

Daktari alikohoa kama wanavyokohoa wenye vyeti. Yeye, alisema, amechunguza na kugundua kwamba njaa huingilia puani. Ushahidi ni kwamba duka la dawa halinuki chakula, na kwa miaka yote aliyolinda pale hajawahi kusikia njaa saa za kazi.

FUNDI: Husikii kwa sababu unalala saa za kazi.

DAKTARI: Si nesi wako kasema usingizi unatuliza homoni ya njaa? Mimi nipo kwenye matibabu.

Bi Birika akammiminia kikombe, akamwachia huo ushindi. Kisha akamimina cha Fundi, akatia vijiko vyake vitatu vya sukari bila kuuliza, kama kawaida. Fundi akakipokea kwa mkono ule usioshika pazia, akaanza kutueleza mpango wake wa Jumatatu. Ulikuwa mpango mfupi: tangu alipotoka kliniki mara ile hagusi chakula cha asubuhi wala cha mchana.

FUNDI: Dawa ya moto ni moto, na dawa ya njaa ni njaa. Naiacha ipige kelele mpaka koo likauke.

MIMI: Na usiku?

FUNDI: Usiku nini?

MIMI: Ukuta wetu ni mmoja, bwana. Ule mkate unaokatwa kwa mkasi usiku nausikia.

FUNDI: Ni mkasi mdogo. Ule wa kitambaa siwezi kuutia kwenye mkate.

Hapo nikaona aibu imempita usoni, lakini Kipimo si mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Huu ni msimu wa sare za shule, akasema, watoto hawawezi kwenda darasani wamevaa vipande. Anashona mpaka macho yanauma, na macho yakiuma, mkono unatafuta kitu mezani.

FUNDI: Isitoshe, akiba haiozi. Usiku nakula cha kesho.

BI BIRIKA: Na kesho yenyewe huli.

FUNDI: Si nimeshakula?

Ilikuwa hesabu safi, na ndiyo iliyonitia hofu. Nampenda Kipimo, tumegawana ukuta huu tangu sote tuna nywele, na nilimwona anajidanganya kwa ufundi uleule anaoshonea watu makoti.

Gia akaja na yake. Akasema, kwa uzoefu wake wa mizigo, homoni ya njaa lazima inakaa kiunoni, maana ndipo mkanda unapokaza. Ukikaza tundu moja zaidi, haina njia ya kupanda. Daktari akapinga: inakaa machoni. Asiyeiona sahani hajui kama ipo, kwa hiyo mtu ale amefumba macho, na tumbo halitajua limepewa kiasi gani.

GIA: Mimi siwezi kufumba macho. Nitaua watu.

DAKTARI: Kwani unakula ukiendesha?

GIA: Kuna mahali pengine?

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona mtaani, sketi imekunjwa mkononi. Akatusalimia sote kwa adabu, akaliangalia pazia, akalinyamazia. Alitaka sketi ipunguzwe kiuno, inamvuka. Fundi akamtazama mara moja tu, kama anayetazama saa ukutani, akamtajia kipimo chake. Mama akatoa macho. Ndicho hasa, alisema, alipimwa mwezi uliopita kwa tepu.

GIA: Mama, hapa ndipo umefika. Huyu anajua kiuno cha mtaa mzima. Fundi, changu.

Fundi akataja.

GIA: Cha Wembe?

Akataja, na akaongeza kuwa nimezidi kidogo tangu mwaka jana. Akataja cha Daktari, kilichovimba, alisema, kwa ajili ya matibabu. Cha Bi Birika akakizunguka kwa heshima, akisema tu kwamba hakijabadilika. Kifua kilikuwa kimemjaa. Mtu akisifiwa kazi yake huwa anakuwa mrefu hata akiwa amekaa.

Mama akatabasamu. Aliuliza kama mtu yeyote angeuliza, bila ubaya wowote.

MAMA: Na chako, Fundi, ni ngapi?

Fundi akafungua kinywa. Nikamwona anatafuta namba kichwani, yule bwana ambaye namba humjia bila kuitwa, na haikuja. Akatugeukia sisi. Gia akatazama gereji. Daktari akatazama duka la dawa kana kwamba linaibiwa. Mimi naye tumeishi ukuta mmoja, na sikujua. Angejuaje yeyote? Fundi hajipimi. Fundi hufumua akaongeza.

DAKTARI: Mganga hajigangi.

Ilikuwa methali ya kwanza kukaa mahali pake asubuhi ile, na hakuna aliyeifurahia.

Kipimo akaweka kikombe chini. Akaivua tepu shingoni, akanipa, akainua mikono. Mkono mmoja ulibidi ubaki na pazia. Nikamzungushia, nikasoma, nikamwambia namba sikioni, na ni yake, siitoi hapa. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena.

FUNDI: Nimeogopa, Wembe.

MIMI: Hata mimi.

Akaingia dukani. Kwa mlango ulio wazi tulimwona akiigeuza ile suruali nje ndani, akaupapasa mshono wa nyuma kwa kidole gumba, juu mpaka chini. Akatuonyesha. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimebaki uzi tu.

FUNDI: Akiba imekwisha. Kumbe miaka yote nilikuwa najificha humu ndani.

Tulitegemea atafute kiraka. Fundi hakosi kiraka. Hakutafuta. Akachukua chaki, akaandika ile namba upande wa ndani wa mkanda, kisha akaitundika suruali kwenye msumari juu ya cherehani ya kaka yake. Shuka lilikuwa limeteleza kidogo; akalirudisha vizuri. Akatoka, na sauti yake ilikuwa ileile anayowapangia wateja siku ya kuchukua nguo.

FUNDI: Hii haiongezwi tena. Miaka yote suruali imenifuata mimi. Sasa ni zamu yangu kuifuata, na nitaifikia.

GIA: Kufikia Jumatatu?

FUNDI: Jumatatu nitamwambia nesi ukweli, mkate na mkasi na yote. Mengine yatakwenda mshono kwa mshono.

Bi Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Fundi. Mwenyewe akakifunika kwa kiganja.

FUNDI: Inatosha, Bi Mkubwa. Naenda nyumbani kula cha mchana mezani na kaka. Yeye anakula taratibu. Hana tena anakowahi.

Hilo lilitufika. Bi Birika akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akamtazama yule mama, naye mama, masikini, hakujua amefanya nini. Akauliza tu kuhusu sketi yake.

FUNDI: Kesho mchana, mama. Ningekwambia alfajiri, lakini usiku huu nalala.

Akaondoka kwa miguu, na pazia lake la maua, katikati ya mtaa, kichwa juu. Watu walicheka mpaka kwenye kona, na yeye akawapungia mkono.

Gia akanyoosha kikombe. Bi Birika akaligeuza birika, likatoa tone moja na mashapo, akaanza kukusanya vikombe vyake. Gia akabaki na ule mkate mapajani. Akalifungua gazeti, akautazama muda mrefu kuliko mikate inavyotazamwa, akauma mara moja. Akatafuna, akatafuna, nasi tukakaa pembeni yake, tukimsubiri pamoja naye mwenye shibe afike.