Mpangaji Chini ya Nyanya

Ndani ya basi la kwenda mji wa Jaboticabal, Brazili, mzee Osmarino, mkulima wa nyanya ambaye hushauri hata asipoulizwa, alisikia kwamba saladi alizopakata mama wa kiti cha pili zimeota katikati ya nyanya, ndani ya kitalu nyumba kimoja cha paa la plastiki. "Mama, mshika mawili moja humponyoka!"

"Saladi ni mpangaji, mzee wangu. Analipa kodi, anahama kabla nyanya hazijatanda. Hela ya plastiki ya paa imetoka humo humo. Wewe chini ya nyanya zako pana nini?"

"Hapana kitu! Nyasi tu."

"Kumbe na wewe umechanganya. Ila mpangaji wako halipi."

Basi zima tukacheka. Liliposimama penye duka la pembejeo, mzee alishuka kununua dawa ya magugu, akinung'unika: "Tamaa mbele, mauti nyuma."