Bwanausi Pazi, Aliyekaa na Waliorudi Vitani

Wasikilizaji wapendwa, assalaamu alaikum. Jioni hii tunamkumbuka Bwanausi Pazi wa Kaole, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Bwanausi Pazi, wa Kaole. Huenda wengi wenu hamlijui jina hili. Wapo wanaolijua vizuri, ila hawalitaji.

Alikwenda vita vya Burma, akibeba majeruhi kwa machela. Aliporudi, mwaka wa arobaini na sita, kitandani hakulala. Alilala uvunguni. Dada yake, Bibi Kibibi, aliniambia: "Mlango ukibamizwa tu, analia. Akaingia kwenye ulevi wa gongo. Asubuhi anaanza nayo, hata chai hajanywa."

Bibi Kibibi hakumkemea. Alasiri alikaa naye akisuka ukili wa mkeka, akingoja. Siku moja Bwanausi akasema yaliyompata Burma. Rafiki yake Dadi alikuwa kwenye machela, akiomba maji. Risasi zikaanza. Bwanausi akaiweka machela chini, akakimbia. Alisema hayo akalia, na kesho yake akayasema tena. Pombe hakuiacha mara moja. Aliiacha, akairudia, akaiacha.

Ndipo akajenga banda Mbegani, akawapokea askari wenzake waliokuwa wakinywa kama yeye. Hakuwa daktari. Aliwapikia uji, akawashika walipotetemeka, akawasikiliza. Mkewe, Zuleha, alivumilia hata akachoka. "Mume wangu ameolewa na walevi," alisema. Akadai talaka, akarudi kwao Pangani.

Mtu mmoja, jina lake nalihifadhi, alifika bandani hata kikombe hawezi kushika. Alitoka mzima, akarudi kwa mkewe na wanawe. Baadaye alikutana na Bwanausi sokoni Bagamoyo. Yule mtu akageuza uso, akapita. Bibi Kibibi alikuwapo, akawaka. "Hata salamu?"

"Mwache, dada," Bwanausi akamjibu. "Akinisalimu, watamwuliza tumejuana wapi."

Ndivyo alivyoishi, wasikilizaji wapendwa. Aliowasaidia walimpita njiani.

"Ilimuuma?" nilimwuliza Bibi Kibibi.

"Ilimuuma, mwanangu. Kila Idi alipika pilau ya watu wengi, akakaa kizingitini. Tukaila sisi wawili."

Homa ya kifua ndiyo iliyomchukua. Jeneza lake lilibebwa na majirani wachache. Bibi Kibibi, akiwa dirishani, aliwaona wanaume wengine wamesimama barabarani, mbalimbali, kila mmoja peke yake. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Jeneza lilipopita, wakatawanyika.

Bibi Kibibi, pole sana. Bibi Zuleha, huko Pangani, nawe pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Bwanausi Pazi.

Na wewe uliyesimama barabarani siku ile, najua unanisikia. Hukuwa peke yako pale. Dada yake yuko Kaole, na nyumba imekuwa kimya. Nenda kampe pole. Hatakuuliza jina.