Papa Yakubu Lukumani, Aliyetufundisha Kurudisha Mhadhara

Jumamosi hii, tarehe 30 Machi 1957, Papa Yakubu Lukumani atafunga milango ya Ukumbi wetu wa Mihadhara kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Anaondoka na barua nzuri na pensheni kamili. Msione ni jambo la kawaida. Miaka miwili iliyopita alibakiza kidogo sana kufukuzwa, na sisi wenzake tusingekuwa na la kufanya ila kumsindikiza mpaka barabarani.

Alipoajiriwa mwaka 1934 alikuwa kijana kutoka mtaa wa Waislamu, amesoma chuoni, shule ya Kurani ya babu yake, anajua kuandika herufi za Kiarabu na za Kizungu. Kazi yake ilikuwa kupanga viti, kufuta ubao, kuwasha taa na kugonga kengele. Viti vyenyewe hakuruhusiwa kuvikalia. Kwa miaka kumi na miwili alisikiliza mihadhara akiwa nyuma ya mlango, fagio mkononi, ili akionekana aonekane anafagia. Walimu wa nyota, wa mifupa ya kale, wa sheria za Warumi, wote aliwasikia kupitia ufa wa mlango ule. Sakafu ya ukumbini, wazee wanasema, haijawahi kung'aa kama wiki ile alipokuja mtu wa kueleza kupatwa kwa jua.

Mwaka 1946 alishikwa na homa kali. Alilala miezi miwili, akanyweshwa kwinini mpaka akawa wa manjano, kisha akarudi kazini, amekonda lakini mzima. Ndivyo tulivyoambiwa. Mwaka uliofuata milango ya ukumbi ikafunguliwa kwa kila mwenye shati safi, mweusi kwa mweupe, na mimi nikaajiriwa kuwa mkalimani wa kugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na tai mbili. Niliamini kwamba bila mimi Kisangani nzima ingebaki gizani.

Papa Yakubu alinitoa ujinga huo mwezi wa kwanza tu. Alikuja mtafiti wa udongo kwa boti kutoka Yangambi, na masanduku manne ya udongo wa rangi nne. Akaongea, nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Kabla hawajainuka, Papa Yakubu, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa ukumbi, akasimama, akamwita msikilizaji mmoja aje karibu na dirisha, akamtaka arudishe mhadhara, yaani auseme upya kwa maneno yake. Nikaingiwa na baridi. Nilimfuata Papa Yakubu ili nimkalishe, naye akanieleza mbele ya watu kwamba chuoni mwanafunzi haondoki na somo bila kumrudishia mwalimu wake. Akiondoka nalo hivi hivi, ameondoka bila kuaga.

Yule msikilizaji, mkulima wa Yanonge, alirudisha kwa furaha. Alisema bwana ametufundisha kwamba udongo wa msitu una nguvu nyingi, kwa hiyo tuufyeke wote. Mgeni aliponiuliza amesema nini, nilijikuna. Kwa saa nzima alikuwa amefundisha kinyume chake, kwamba udongo ule ukishavuliwa miti huchoka upesi. Nusu ya kosa ilikuwa ya mdomo wangu. Mgeni alivua koti, akafungua tena masanduku, akaanza upya, polepole, akimtazama yule mkulima na si dari. Boti ilimwacha. Hakulalamika.

Tangu siku hiyo kila mhadhara ukawa na kurudisha. Watu watatu, mmoja baada ya mwingine, pale dirishani penye mwanga, nyuso zao zikimwelekea Papa Yakubu aliyekaa kwenye kigoda chake. Wageni wengine walinuna mwanzoni. Baadaye wakaanza kuja kwa sababu hiyo hiyo, maana wapi pengine duniani mtaalamu anapata kujua alichokisema?

Mambo tuliyoyaona! Mama Clothilde, muuza mikate wa karibu na bandari, hakukosa Jumamosi hata moja, na ndiye aliyerudisha mhadhara wa mwanzo wa nyota. Mtaalamu alikuwa ameongea dakika hamsini. Mama Clothilde alifikiri kidogo, akasema: "Monsieur anasema hajui. Alakini anasema muzuri sana." Nilipomtafsiria, mtaalamu alicheka mpaka akatoa miwani, akakiri kwamba huo ndio ukweli wa taaluma yake.

Tena kuna Octave, mvuvi wa maporomoko. Mwalimu wa samaki alituhakikishia kwamba samaki fulani mdogo, mwenye mdomo mrefu kama mrija, hapatikani juu ya maporomoko. Octave alirudisha neno kwa neno, hakuacha hata nukta, kisha akaongeza kwa adabu: "Bon, alakini ile samaki haiyasikia bado konferansi ya monsieur." Jumamosi iliyofuata alimleta huyo samaki ndani ya beseni, mzima, akiogelea. Mwalimu alimpiga picha kumi na mbili na Octave picha moja.

Tulikuwa na mihadhara ya ndoa na mirathi, ya ngoma za kupelekea habari, ya mchwa, ya historia ya misafara ya zamani, ambapo wajukuu wa wafanyabiashara walirudisha mengi kuliko yaliyotolewa. Katika yote hayo Papa Yakubu alikuwa akitikisa kichwa, anatabasamu, anafuata. Niliwahi kumwambia mke wangu kwamba hakuna mtu anayesikiliza kama yule.

Alikuwa na kiburi kimoja, na kwa kuwa tulimheshimu tulimsamehe. Hakukubali mtu aongee naye kutoka nyuma au pembeni. Ukimwita ukiwa mgongoni kwake alikuacha uite mpaka uchoke. Vijana wa ofisini walijifunza kuzunguka, kusimama mbele yake, kumtazama usoni na kusema taratibu. Adabu za zamani, tulisema. Tukamwiga, na sisi tukawa tunasemeshana hivyo, na nadhani ugomvi ulipungua.

Sasa nafika kwenye mvua, na hapa naandika kwa ruhusa yake. Aliniambia niandike yote au niache yote.

Mwanzoni mwa mwaka 1955, katikati ya mhadhara wa mchwa, mvua ilishuka juu ya mabati yetu kwa kishindo ambacho mkazi yeyote wa Kisangani anakijua. Nilimwona mgeni anafungua mdomo, sikusikia kitu. Watu walitazamana, wakacheka, wakaweka mikono masikioni. Mgeni akanyamaza, akaketi, akatoa karanga mfukoni akaanza kutafuna. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kusikiliza, isipokuwa mtu mmoja. Papa Yakubu alikuwa anamtazama mgeni anavyotafuna, anatikisa kichwa kwa makini, mara moja moja anatabasamu, vilevile kama siku zote.  Mvua ilipokatika nilikwenda nyuma ya kigoda chake nikapiga makofi mawili makubwa. Hakugeuka.

Nilikwenda nyumbani kwake kesho yake, nikijua hayupo. Mkewe, Mama Kadidja, alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Alisikia nilichosema, akalaza mchi, akaniuliza jambo moja tu, nimewaambia watu wangapi. Nikamjibu hata mmoja. Ndipo akanieleza. Ile homa ya 1946 ilikuwa imemwachia roho ikamchukulia masikio. Mwaka mmoja kabla ya kuruhusiwa kukaa kitini, mtu aliyesikiliza miaka yote nyuma ya mlango alikuwa hasikii tena. Alijifunza kusoma midomo kwa Kiswahili, uso kwa uso, karibu na mwanga. Midomo ya Kifaransa kule jukwaani ilimshinda, na mimi nilikuwa na tabia ya kutembea nikitafsiri. Kwa hiyo alibuni kurudisha. Habari za chuoni zilikuwa kweli, lakini hazikuwa kweli yote. Alitaka kuijua mihadhara. Angeweza kutafuta kazi nyingine isiyo na watu, lakini hakutaka.

Nilirudi nyumbani nimeinama. Miaka minane nilikuwa nimejihesabu mimi ndiye mlango wa elimu.

Katikati ya mwaka huohuo tukapata mkurugenzi mpya. Hakuwa mtu mbaya, alipenda saa. Alipima mihadhara mitatu, akaona kurudisha kunakula nusu saa kila mara, akatangaza kwamba ataiondoa desturi hiyo. Halafu mtu, sijui nani na sitaki kujua, akamnong'oneza kwamba msimamizi ana walakini wa masikio. Kanuni ya utumishi ilikuwa wazi. Asiye na afya kamili huachishwa, na Papa Yakubu alibakiza karibu miaka miwili kufikia pensheni. Pensheni ikienda, na nyumba ya kazi inakwenda, na binti yao Safi alikuwa bado anasomea ukunga. Mkurugenzi hakumwita daktari. Aliamua kuwamaliza ndege wawili pamoja. Jumamosi, mbele ya watu wote, alisema kwamba anayewataka wengine warudishe kila wiki, leo arudishe yeye, nami nikamtafsiria Papa Yakubu uso kwa uso.

Mhadhara wa siku ile ulihusu mchanga wa mtoni. Fundi wa kupima kina cha maji alieleza jinsi mafungu ya mchanga yanavyohama kati ya Yanonge na Barumbu, akamimina mchanga kwenye karai la maji ili tuone. Nilitafsiri. Nilitembea kidogo, nikakumbuka, nikasimama nikimkabili Papa Yakubu, lakini mwanga ulikuwa nyuma yangu na nilijua hapati kitu. Mkurugenzi alikuwa amekaa karibu nami. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa na watoto wawili na kazi nzuri, nikanyamaza. Naona haya mpaka leo, na yeye anajua.

Mhadhara ukaisha. Papa Yakubu aliinuka kwenye kigoda, akatengeneza kanzu yake, akamgeukia mkurugenzi, si hadhira. "Monsieur directeur, masikio yangu ilikufa zamani, mwaka wa arobaini na sita. Sisikii konferansi hata moja. Yote yenye ninajua, ni hawa watu walinipa." Kisha, bila kungoja nimtafsirie, akanyoosha mkono dirishani, mahali pale pale pa kila wiki.

Aliyekwenda wa kwanza alikuwa nahodha mzee wa Barumbu, mgeni kabisa, aliyekuja kwa ajili ya mchanga tu. Alirudisha njia ya mafungu, bila haraka, akichora hewani. Akaja Mama Clothilde, akarudisha habari ya karai, akasema mchanga mzito hutangulia kulala kama unga kwenye maji. Akaja Octave, akarudisha hesabu za kina na kutia shaka moja au mbili.  Papa Yakubu aliwatazama midomoni mmoja baada ya mwingine, halafu akaurudisha mhadhara wote kwa mpangilio wake mwenyewe, mfupi kuliko wa fundi na, Mungu anisamehe, wazi kuliko tafsiri yangu. Mwisho akauliza swali. Ikiwa kuchora ramani ya mto kunachukua miaka miwili, na mchanga unahama kila msimu, basi ramani inapochapwa inaonyesha mto ambao haupo tena. Nahodha afuate nini?

Nilitafsiri, safari hii bila kuruka neno. Fundi alikaa chini, akamwambia mkurugenzi kwamba ofisini kwao wanalizunguka swali hilo mwaka wa tatu na hakuna aliyepata kulisema kwa ufupi hivyo. Wakaanza kubishana, yeye, nahodha na Octave, wamepiga magoti kuzunguka karai, na hapo hata mkurugenzi, mtu wa saa, alisahau kuitazama. Tulimwona ameingiza mkono kwenye maji pamoja na shati lake jeupe, anauliza kama mchanga wa bandarini nao uko hivyo.

Daktari aliitwa Jumatatu, akaandika kweli yake: kiziwi, masikio yote mawili. Mkurugenzi alituma cheti hicho kwa wakubwa wake na mistari miwili chini yake, kwamba mtu huyu ameifanya kazi hii vizuri akiwa kiziwi kwa miaka tisa na anaombwa aendelee kuifanya. Majibu yalichukua wiki tano. Mama Kadidja alikonda wiki hizo, na mimi pia. Yakaja, aendelee. Tangu hapo ratiba zetu zinachapwa hivi: mhadhara, nusu saa, kurudisha, nusu saa. Wageni kutoka kumbi nyingine wamekuja kutazama, wakarudi wakiandika daftarini.

Papa Yakubu, kwa niaba ya wenzako wote, asante. Asante kwa viti vilivyonyooka, kwa kengele usiyoisikia uliyoigonga kwa wakati miaka kumi na moja, na kwa kutulazimisha kuangaliana usoni. Mama Kadidja, asante kwa kutunza siri na mtu wako. Safi, ambaye sasa ni mkunga, apokee watoto wengi wenye masikio mazuri. Mungu akupe umri mrefu, Papa, mwili usiouma, na wageni barazani kila jioni.

Mkurugenzi alikuwa ameandaa hotuba nne za Jumamosi. Tulimwomba aziondoe, tukachapa karatasi hii badala yake, ili siku yako ya mwisho usikae ukitikisa kichwa kwa heshima yetu. Isome bila haraka, tutangoja. Ukimaliza, inua macho. Tutakuwa tumesimama mbele yako, dirishani penye mwanga, ukumbi mzima, na hatutapiga makofi. Tazama midomo tu.

Émile, mkalimani